Mazoezi ya siri vyuoni Marekani: ficheni mbinu, si vijana

Agosti ikiingia, vyuo vikuu vya Marekani hufanya jambo ambalo shabiki wa Simba au Yanga hahitaji kuelezwa: timu hujichimbia kambini na geti likafungwa. Ni maandalizi ya msimu wa mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti na pedi za mabega, ambao wanafunzi huucheza mbele ya umati ambao klabu nyingi kubwa za Ulaya hazina pa kuuketisha. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan peke yake unaingiza watu 107,601. Siku ya mechi hakuna siri, anatazama mwenye tiketi na anatazama mwenye televisheni. Lakini wiki nne za kabla ya hapo ni turubai kwenye uzio, mlinzi getini, na waandishi wa habari wanaopewa dakika chache za kupiga picha vijana wakinyoosha viungo, kisha wanaombwa kuondoka. Viko vyuo visivyotoa hata hizo dakika.

Nimeishi huku muda wa kutosha kuupenda mchezo huu, na kilio cha makocha nakielewa. Wapelelezi wapo. Kwenye Olimpiki ya 2024 kule Ufaransa, benchi la timu ya soka ya wanawake ya Kanada lilinaswa likirusha droni juu ya mazoezi ya New Zealand. FIFA ikawakata pointi 6 na kocha Bev Priestman akafungiwa mwaka mzima. Wapenzi wa soka la Uingereza nao hawajamsahau Marcelo Bielsa, aliyemtuma mtu akachungulie mazoezi ya Derby County Januari 2019. Leeds yake ilishinda mechi ile 2-0 na ikapigwa faini ya pauni 200,000. Mwezi Mei wakakutana tena kwenye mchujo wa kupanda daraja, na Derby, timu iliyochunguliwa, ndiyo iliyosonga mbele. Kwa hiyo faida ya kuchungulia nayo ina mipaka yake.

Basi kocha akisema kipindi cha kupanga mashambulizi kifanyike faragha, mimi sina neno. Ninachokataa ni kufunga kila kitu, kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho, halafu kuita hiyo kinga dhidi ya wapelelezi. Kashfa kubwa ya wizi wa mbinu katika mpira wa vyuo kwa miaka ya karibuni ni ile ya Michigan mwaka 2023, na haikuhitaji mtu kuruka uzio. Connor Stalions, aliyekuwa mfanyakazi wa timu hiyo, alipanga watu wakanunue tiketi kama mashabiki wengine, wakakaa jukwaani na kurekodi kwa simu ishara ambazo makocha wa wapinzani huwapa wachezaji wao. Mchana kweupe, katikati ya maelfu ya watu. Kocha Jim Harbaugh alifungiwa mechi tatu na ligi yake ya Big Ten, na Januari 2024 Michigan wakabeba ubingwa wa taifa. Maturubai yote ya Agosti yangezuia nini hapo?

Halafu tuwatazame wanaolipwa kwa kazi hiyo hiyo. Timu za NFL, ligi ya kulipwa ya mchezo huu, zenye wachezaji wa mamilioni ya dola na cha kupoteza kikubwa zaidi, hufungulia mashabiki siku nyingi za kambi zao za Julai na Agosti. Kule Green Bay, wachezaji wa Packers huazima baiskeli za watoto wa mashabiki wakaenda nazo mazoezini, majitu ya kilo 140 yamekunja magoti hadi kidevuni, na mtoto anakimbia pembeni kabeba helmeti. Pittsburgh Steelers wamepiga kambi kwa miongo mingi kwenye viwanja vya Chuo cha Saint Vincent, mjini Latrobe, na familia hukaa kwenye nyasi kuwatazama. Yaani timu ya kulipwa inafanya mazoezi chuoni watu wakitazama, na timu za vyuo vyenyewe, vingi vikiwa mali ya umma, zinajifungia. Mtu anieleze mantiki.

Mimi nadhani geti linalinda mambo mengine yasiyosemwa sana. La kwanza ni wachezaji wenyewe wasiibwe. Tangu uhamisho ulegezwe na wanafunzi waruhusiwe kuingiza fedha kwa majina yao mwaka 2021, kijana akionesha makali hadharani simu zinaanza kuita. Kocha Matt Rhule wa Chuo Kikuu cha Nebraska alilisema bila kuficha alipofuta mechi ya maonesho ya machipuko mwaka 2025: kuionesha kwenye televisheni mwaka uliotangulia kuliwaletea watu wa kuwarubuni vijana wake. Angalau huyu alisema ukweli.

La pili ni majeruhi. Mahakama Kuu ya Marekani ilipoondoa marufuku ya kubeti michezoni Mei 2018, habari ya goti la kijana wa miaka 20 ikawa bidhaa. Wasuka mikeka wanaitaka, na aliye ndani ya uzio anayo peke yake. Big Ten ilianza mwaka 2023 kudai, kabla ya mechi, taarifa za wachezaji watakaoikosa, na SEC, ligi nyingine kubwa ya vyuo, ikafuata 2024. Nzuri, ila taarifa hizo ni za msimu ukishaanza. Agosti inabaki gizani, na giza ndilo soko la wauza habari za ndani.

La tatu ndilo linalonifanya niandike: jinsi vijana wanavyotendewa humo ndani.

Jordan McNair alikuwa na miaka 19, mchezaji wa safu ya mbele wa Chuo Kikuu cha Maryland. Tarehe 29 Mei 2018 timu ilikuwa kwenye mazoezi ya viungo: mbio 10 za yadi 110, yaani karibu mita mia kila moja, kwa vijana wenye miili mikubwa kama yake. Haikuwa kambi ya Agosti, lakini ni mazoezi ya aina ile ile, kijana na makocha wake tu. Akaanza kukakamaa misuli na kuishiwa nguvu. Ripoti ambayo chuo chenyewe kiliagiza ilionesha kwamba zilipita dakika 34 tangu dalili kuanza hadi kutolewa uwanjani, na saa moja na dakika 39 hadi gari la wagonjwa kuondoka naye. Hakuna aliyempima joto la mwili. Hakutumbukizwa kwenye maji ya barafu, tiba ambayo wataalamu wa kiharusi cha joto, yaani mwili kuzidiwa na joto, huisisitiza kabla hata ya kumkimbiza mtu hospitali. Alifariki tarehe 13 Juni.

Umma ulianza lini kujua timu ile ilivyoendeshwa? Tarehe 10 Agosti, pale ESPN, chombo cha habari za michezo, ilipochapisha habari za matusi na vitisho mazoezini. Kambi ya msimu ilikuwa imeshaanza. Siku iliyofuata kocha DJ Durkin alisimamishwa. Rais wa chuo alikiri kwamba chuo kinabeba dhamana ya kisheria na ya kimaadili. Tume iliyoundwa baadaye ilikuta wachezaji wengi waliogopa kusema. Na bado, Oktoba 30, bodi inayosimamia chuo ilitaka Durkin arudi kazini. Kelele zikawa kubwa mno, kesho yake akafukuzwa. Familia ililipwa dola milioni 3.5 mwaka 2021.

Sisemi mwandishi mmoja kando ya uwanja angemponya McNair. Nasema kocha anayejua anatazamwa huchelewa kidogo kumtukana kijana anayeyumba, na daktari wa timu anapata moyo wa kusema basi.

Sheria zipo, sikatai. Chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kilipiga marufuku mazoezi mawili ya kugongana kwa siku moja mwaka 2017. Mwaka 2021 kikaweka siku 7 za kuuzoesha mwili joto, na kikapunguza mazoezi ya pedi kamili katika kambi hadi 9. Lakini nani anahesabu? Anayehesabu ni chuo, na chuo ndicho kinachomlipa kocha. Katika majimbo mengi mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote, gavana akiwemo, ni kocha wa chuo.

Hapa Ohio nina jirani, mama wa kutoka Bukavu, ambaye mwanawe amepata ufadhili wa kucheza. Alipoambiwa wazazi hawaingii kambini aliniuliza, "Kwani mama naye ni mpelelezi?" Sikuwa na jibu. Familia zetu zinazidi kuingia kwenye mchezo huu, Wakongo, Wakenya, hata Watanzania wachache, na wengi tunamheshimu kocha kama tunavyomheshimu mwalimu: akisema, imekwisha.

Kwa hiyo nilimwambia, na ninakuambia wewe mwenye kijana anayeitwa na vyuo: kabla ya kutia saini, omba uoneshwe kwa macho pipa la maji ya barafu na umbali wake kutoka uwanjani. Uliza nani mwenye mamlaka ya kusimamisha mazoezi, na kama kocha anaweza kumfukuza kazi mtu huyo. Kisha uliza kama unaweza kufika asubuhi moja ya Agosti bila kutoa taarifa, ukakae mbali, simu ukaiache getini. Hilo la mwisho litamnunisha kocha. Uliza tu.