Mbio ndogo nazo zinastahili kipimo sahihi

Nimeisoma kwa makini makala moja inayodai kwamba mbio ndogo za barabarani ni burudani tu na kwamba muda unaopatikana humo hauna maana. Mimi ni mkimbiaji wa ridhaa, na hoja hiyo siikubali. Kilomita 10 ni kilomita 10, wawe wamejitokeza watu themanini au elfu thelathini, mradi njia imepimwa ipasavyo. Na upimaji huo hufanywa kwa baiskeli iliyofungwa kifaa cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu la mbele, baada ya kulinganishwa na umbali unaojulikana, kisha huongezwa mita 1 kwa kila kilomita ili njia isije ikapungua. Hata waandaaji wachache wanaimudu kazi hiyo.

Jambo ambalo mwandishi wa makala hiyo hakuligusa ni jinsi mkimbiaji wa kawaida anavyohudumiwa. Katika mbio ndogo nilizoshiriki hivi karibuni, msimamizi wa njia panda aliendelea kuzuia magari huku akituita mmoja mmoja kwa namba zetu za kifuani, na meza ya maji haikuondolewa hadi mtu wa mwisho alipopita. Miguu ilipoanza kuwa mizito, sauti ile ilinisaidia kushika mwendo kuliko saa ya mkononi. Kwa hiyo nawaomba waandaaji wote watangaze mapema namna njia ilivyopimwa, na wasiifungue barabara kabla ya muda waliouahidi kwisha.