Unanunua leo, saa ilianza kuhesabu 2015

Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ya Microsoft ilitoka kwenye sapoti ya kawaida, yani apdeti zake za kawaida zikakoma, na kelele zake mpaka leo hazijapoa. Kuna wanaosema huu ni wizi, mtu umenunua kitu kwa hela yako halafu mwenye kitu anakitelekeza, na kuna wanaosema acheni kulialia bana, tarehe ilijulikana tangu 2015 na miaka kumi inatosha kabisa. Nimesikiliza pande zote, na kinachonisumbua ni kwamba wote wanaongea kama vile kila mtu ananunua kompyuta mpya kwenye boksi.

Nianze na kampuni maana huwa hawatetewi. Softiwea si kama meza ukishaichonga umemaliza. Kila tundu la usalama likionekana linatakiwa kuzibwa kwa kiraka kwenye kila toleo linalohudumiwa, kiraka kikapimwa pamoja na maprinta na madreva (programu za kuendeshea vifaa) ya kila aina, na anayefanya hiyo kazi analipwa mshahara kila mwezi wakati wewe ulilipa mara moja tu. Windows XP ilitoka 2001 ikahudumiwa mpaka Aprili 2014, zaidi ya miaka 12, na bado watu walilalamika. Halafu Mei 2017 ikaja WannaCry, programu ya wahalifu ya kudai fidia, ikafunga mafaili ya watu dunia nzima na kuvuruga hospitali za Uingereza, na wengi wakasema unaona sasa, ndo matokeo ya kuacha XP. Kumbe mashine nyingi zilizoliwa zilikuwa Windows 7, ambayo ilikuwa bado inahudumiwa na kiraka chake kilishatoka tangu Machi, miezi miwili kabla, ila watu hawakuweka. Hapo kampuni utailaumu kwa lipi? Sisi wenyewe tunazima apdeti kwa sababu zinakula bando, tuwe wakweli.

Lakini kisa hichohicho kina upande wa pili. Moto ulipowaka Microsoft walitoa kiraka cha XP pia, toleo waliloliacha miaka mitatu nyuma. Kwa hiyo ile kauli ya kwamba haiwezekani kuhudumia cha zamani ina walakini, inawezekana, suala ni nani analipa. Hata kwa Windows 10 huduma haijafa, inauzwa: mtu wa kawaida dola 30 kwa mwaka mmoja wa ziada (au bure ukikubali kuunganisha mipangilio yako na akaunti yao, na kwa nchi nyingi za Ulaya wameilegeza zaidi), kampuni dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza na bei inajizidisha mara mbili kila mwaka mpaka wa tatu. Viraka vinaandikwa kama kawaida, ni geti tu limewekwa.

Sasa njoo Kariakoo, au Luthuli kama uko Nairobi. Laptopu zinazotembea pale ni zile za maofisi ya Ulaya na Marekani zilizomaliza muda wake huko, HP EliteBook 840 G3, G4, Dell Latitude, ThinkPad. Karatasi iliyobandikwa juu inasema i5 (hilo ni daraja la prosesa, si jeneresheni yake), RAM 8, SSD 256, na kweli ukiiwasha inakimbia vizuri, mwanafunzi anaandikia ripoti, mwenye stationari anapigia picha za pasipoti na kuprinti, haina shida yoyote. Shida ni kwamba G3 ina prosesa ya jeneresheni ya sita na G4 ya saba, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kuanzia ya nane, ukiacha vighairi vichache. Yani ile G5 ya jirani yake inaingia na G4 inabaki nje, wakati kwa kazi za kila siku ukizishika zote mbili ukiwa umefumba macho sidhani kama utajua ipi ni ipi.

Hapo ndo naona ule utetezi wa miaka kumi unavuja. Miaka kumi ya nani? Saa ilianza kuhesabu 2015 ilipotoka Windows 10, aliyenunua mashine mpya 2016 kule Ujerumani ameitumia miaka minne mitano na amefaidi apdeti zake zote, sisi tumeipokea saa ikiwa imebakisha dakika chache na tumelipa hela halali. Utasema basi hukununua kwa Microsoft, ulinunua kwa Mpemba pale chini, kamlalamikie yeye. Ina ukweli kiasi. Ila leseni ipo ndani ya ile mashine, ililipiwa na yule wa kwanza na inahama na mashine, haifi kwa sababu mwenye nayo amebadilika. (Wale tunaopigiwa Windows na fundi kwa elfu kumi na krak juu, hapo sina utetezi, tukae kimya.)

Fundi atakwambia usijali nakuwekea 11 kwa njia ya panya. Inaingia kweli, na inafanya kazi. Ila Microsoft wanasema wazi mashine isiyotimiza masharti haina uhakika wa apdeti, kwa hiyo umerudi palepale ukiwa na sura mpya tu.

Halafu kuna kitu watu wanachanganya sana. Kuacha kuhudumia ni tofauti na kuzima. Windows 10 bado inawaka, hakuna aliyekunyang'anya. Linganisha na Revolv, kale kaboksi ka kuendeshea taa na vifaa vya nyumbani kalikouzwa kama dola 300 na ahadi ya huduma ya maisha, Nest ya Google wakainunua hiyo kampuni 2014 na Mei 2016 wakazima seva, kaboksi kakawa pambo. Au The Crew, gemu la magari la Ubisoft, Machi 2024 seva zikafungwa na aliyelinunua hawezi kulicheza hata akiwa peke yake. Kwa hao sina cha kupima pande mbili, hiyo ni kuuza kitu huku umeshikilia ufunguo.

Kwa Windows ninachokitaka ni kidogo zaidi, na Ulaya wameshakianza kwenye simu: tangu Juni 2025 sheria yao inataka apdeti za mfumo ziendelee angalau miaka mitano baada ya modeli kuacha kuingizwa sokoni, si baada ya kuzinduliwa. Yani saa inaanza pale mauzo yanapoishia, tofauti kubwa sana hiyo kwa mnunuzi wa mwisho. Uingereza nao tangu Aprili 2024 anayeuza kifaa cha kuunganishwa na intaneti lazima aseme kitahudumiwa mpaka lini, japo laptopu za kawaida wameziacha nje. Pale Kariakoo hakuna wa kukulazimisha kuandika hivyo, ila nimeanza kumuuliza muuzaji jeneresheni kabla ya bei, na mara nyingi ananitazama kama nimemuuliza umri wa mama yake, halafu anasema "kaka hii ni i5, i5 ni i5 tu".