Buibui Lililopaa Mwembeni

Sisi tunaozungumza kwa redio kwa kujifurahisha, wenye leseni na alama ya mwito inayoanza na 5Z4, yaani ya Kenya, tuna shida moja ambayo hakuna mzazi wala jirani aliyepata kuielewa: tunachukua waya mrefu unaotosha kuanikia nguo za ukoo mzima, tunahangaika kuupandisha juu ya miti uwe antena, kisha tunakataza mtu yeyote asianike kitu.

Wangu ulikuwa wa masafa ya megahezi 7. Ukigawanya 143, namba ya kukadiria antena ya namna hii, kwa megahezi 7.1 unapata mita 20 na ushei, na huo ndio urefu wa waya unaohitajika, ukikatwa katikati ili kila upande uwe na mita 10. Hesabu hiyo haina taabu. Taabu ni kimo, kwa sababu waya huo ukiwa chini, nguvu yake nyingi huenda moja kwa moja mbinguni kama maji ya bomba lililopasuka, lakini ukiinuliwa kukaribia mita 20 mawimbi hulala na kwenda mbali. Wangu ulikuwa umefungwa kwenye ukingo wa bati la jikoni, na kwa mwaka mzima nilikuwa nikiwasalimu zaidi malaika kuliko wanadamu.

Uani kwetu, hapa Tudor, Mombasa, kuna mnazi upande mmoja na mwembe dodo mkongwe upande wa pili, karibu na ukuta unaotutenga na Bibi wa nyumba ya nyuma. Mnazi haukunisumbua. Mkwezi alipanda na kapi kiunoni, akalifunga chini ya makuti, akateremka na madafu manne ambayo hatukuwa tumeyazungumzia katika bei. Nilipomwonyesha mwembe, aliutazama kwa muda, akaona yale majani yaliyoshonwa pamoja kama vifuko, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, huu una wenyewe," aliniambia, akimaanisha majimoto. Mtu ambaye hajawahi kuumwa na wadudu hao wekundu akiwa juu ya tawi, mikono yote miwili ikiwa kazini, asimcheke.

Ami yangu, ambaye alimaliza umri wake wa kazi katika majahazi, alinieleza kwamba nilichokuwa nikitafuta si kigeni hata kidogo. "Hiyo ni henza tu," alisema. "Tanga hupandishwa kwa henza, nawe unataka kupandisha waya. Tofauti ni kwamba mlingoti wangu haukuwa na embe." Kwa maelezo yake na yale niliyokuwa nimeyasoma, kazi ilikuwa ya hatua tatu: kwanza mshipi mwembamba wa kuvulia uvuke juu ya mti, kisha mshipi huo uvute uzi mnene wa nailoni, na uzi huo uvute kamba yenyewe. Ukianza na kamba, uzito wake huirudisha chini kabla haijafika hata kwenye tawi la kwanza.

Nilianza kwa kutupa jiwe kwa mkono. Jiwe lilichomoka katika fundo na kuendelea na safari peke yake, mshipi ukabaki umeniangukia usoni. Nikatengeneza manati kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, nikafunga rili ya kuvulia kwenye mpini wake, na badala ya jiwe nikatumia chubwi ya risasi, kitu ambacho wavuvi wamekiamini tangu zamani. Manati ilikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani, nami nilikuwa nimekanyaga mshipi. Chubwi ilikwenda mita tano hivi, ikafika mwisho wa ruhusa yake, ikarudi ilikotoka kwa kasi ileile. Ami alikuwa amekwisha kulala kifudifudi mchangani, akiwa na miaka sabini na kitu, kabla mimi sijaelewa kilichokuwa kikitokea.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi niliona kasoro ni ya manati, nikaamua kutengeneza mzinga.

Mzinga wenyewe ni paipu mbili za PVC na valvu kati yake. Paipu nene hutunza hewa inayojazwa kwa pampu ya baiskeli, valvu ya kunyunyizia bustani hufunguka ghafla, na paipu ya pili, ambayo ndiyo mtutu, hutema mpira wa tenisi uliofungwa mshipi. Mpira huo una upana wa sentimita 6.7 hivi na uzito usiofikia gramu 60, kwa hiyo niliutoboa na kuutia sarafu chache ili usipeperuke. Fundi wa mabomba aliyeniuzia paipu alinionya, na alikuwa na haki. Paipu ya PVC imetengenezwa kubeba maji, nayo ikipasuka kwa maji hutiririsha tu, lakini ikipasuka kwa hewa iliyoshindiliwa huwa vigae vinavyoruka kila upande. Niliifunga kwa magunia mawili na utepe mwingi, nikaapa nisipite pauni 40 za hewa. Ilipokamilika ilifanana na mgonjwa aliyevunjika mguu.

Ilikuwa Jumamosi baada ya sala ya Alasiri, mwezi wa Julai. Naomba msomaji auweke moyoni mwezi huo, kwa kuwa mimi sikuuweka. Julai ni msimu wa kusi, upepo unaotoka upande wa kusini, na nyumba ya Bibi iko kaskazini kwetu. Nilikuwa nimepima kimo cha mti kwa kivuli chake, nimepima hewa, nimepima hata uzito wa sarafu, lakini upepo, jambo ambalo kila mtoto wa pwani hulijua kabla ya kujua alifu kwa kijiti, sikulipima. Ami, nahodha mzima, naye hakusema neno. Alikuwa anauangalia mzinga tu.

Watoto wa mtaa walikuwa wamejipanga juu ya ukuta. Nilibonyeza. Sauti yake haikuwa ya bunduki bali ya mtu mnene akiketi ghafla juu ya mto, na mpira ukapanda, ukapanda, ukavuka kilele cha mwembe kwa nafasi ya kutosha minazi mingine miwili, kisha ukachukuliwa na kusi na kutoweka nyuma ya ukuta. Rili iliimba. Ami akapiga takbiri. Nami, kwa furaha ya mtu aliyefaulu mara ya kwanza maishani, nilianza kurudisha mshipi taratibu ili kuondoa ulegevu.

Mshipi ukakaza.

"Umenasa katika kitawi," alisema Ami. "Vuta kwa subira, kama unayevuta samaki changu."

Nilivuta kwa subira. Ulikuwa mzito, lakini ulikuwa ukija, na kila nilipoona unakuja nilizidi kujivuna kwa ubora wa fundo langu. Sikuweza kuona upande wa pili wa mti. Watoto waliokuwa ukutani waliweza, na niliona vinywa vyao vikifunguka mmoja baada ya mwingine, lakini nilidhani wanashangaa ufundi.

Kwa Bibi, mpira ulikuwa umejizungusha mara mbili kwenye buibui lake, lile jipya la kutokea arusini, lililokuwa limeanikwa kambani kwenye kiango chake. Yeye alikuwa ameketi barazani na shoga zake wawili wakichambua mchele. Mbele ya macho yao buibui lilitikisika, likanyooka, likaondoka kambani na kuanza kupaa kando ya mwembe bila haraka, mikono wazi, likipumzika kila niliposhika mpini upya, kisha likiendelea. Mmoja wao alianza Ayatul Kursi. Mwingine, nilivyosimuliwa baadaye, alikimbia na ungo wa mchele hadi barabara kuu.

Mimi nilisikia makelele, nikamwambia Ami kwamba bila shaka wameuona mpira wangu na kufurahi.

Ndipo buibui lilipofika kileleni. Kusi ililijaza, likasimama wima juu ya mwembe kama mtu aliyekuja kuhutubia Tudor nzima, na kunguru wote wa mtaa wakainuka kulishambulia. Watoto wakaporomoka ukutani wakipiga kelele za jini. Ami, mwenye umri wa kunishauri, alinishika bega na kuniuliza kwa sauti ya chini kama nilikuwa nimetia udhu.

Kulishusha kulichukua saa nzima. Kiango kilikuwa kimenasa katika kiota cha kunguru, na nilipovuta kwa nguvu vilianguka vyote pamoja: buibui, kiota, na majimoto wasio na idadi. Kiota chenyewe kilistahili kutazamwa. Kunguru hawa wa mjini hujenga kwa nyaya, na katikati ya vipande vya chuma nilikuta waya wangu wa shaba, mita mbili zilizopotea jikoni miezi mingi nyuma, zimesukwa vizuri kuliko ambavyo ningesuka mimi. Kwa mwaka mzima, antena ya juu kuliko zote mtaani ilikuwa ya kunguru.

Nilikwenda kwa Bibi kwa mlango wa mbele, nikiwa nimebeba buibui kwenye beseni la maji ili majimoto wafe.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Huyo mliyemwita juu ya mti amekwisha kwenda zake?"

Nilimnunulia buibui jingine. Mshipi, kwa bahati, ulikuwa bado umevuka mti, na kwa ruhusa yake niliuvuta uzi, uzi ukavuta kamba, na Ami akaifunga mwisho wake kwenye nguzo ya Bibi kwa fundo la jahazi. Sharti la Bibi lilikuwa moja tu: kamba ikipita uani kwake, ataitumia.

Basi hufua. Wenye ujuzi huning'iniza uzito mwishoni mwa kamba ili mti ukiyumba waya usikatike, na kazi hiyo sasa inafanywa na kanga na mashuka ya Bibi. Nguo zikiwa mbichi kamba hulemewa, waya wangu ukakaza na kupanda. Zikikauka, waya hulegea na kushuka. Asubuhi moja mwenzangu wa Nairobi aliniuliza redioni kwa nini siku hiyo sauti yangu ilikuwa na nguvu kuliko jana, kama nimenunua mtambo mpya.

"La," nilimjibu. "Leo Bibi amefua mashuka."