Emacs inajua kitufe chako kimekwenda wapi, ila haisemi mpaka iulizwe

Rafiki yangu anayefundisha vijana kuandika programu hapa Kampala ameacha kuwaanzisha na Emacs, kihariri cha kuandikia msimbo. Hoja yake ni fupi: mwanafunzi akibonyeza kitufe na kisifanye alichotarajia, asubuhi nzima inakwisha akitafuta nani amekichukua, na asubuhi hiyo ilikuwa ya kujifunza kazi. Siku hizi anawapa VS Code, kihariri kingine. Mimi nashinda ndani ya Emacs kutwa, na hoja hii imenikaa kichwani kwa wiki kadhaa, kwa sababu ana haki kuliko tunavyopenda kukubali sisi wapenzi wa kihariri hiki. Pale anapokosea, hata hivyo, ndipo penye faida kubwa kwa kijana wa hapa.

Tuanze na anapopatia. Ukibonyeza kitufe, Emacs haiendi moja kwa moja kwenye amri. Inakipitisha kibonyezo hicho kwenye ramani za vitufe, yaani orodha zinazosema kitufe kipi kinaita amri ipi, moja baada ya nyingine: zilizobandikwa kwenye matini yenyewe pale kishale kilipo, halafu za modi ndogo (nyongeza unazowasha na kuzima), halafu ya modi kuu (inayofuata aina ya faili, kama Python) ya bafa uliyomo, yaani maandishi uliyofungua, na mwisho kabisa ile ya jumla, global-map. Zipo na nyingine za kupita juu ya hizi kwa hali maalumu. Ni kama mgeni anayepiga hodi kwenye nyumba ya watu wengi. Wa kwanza kuitikia "karibu" ndiye anayempokea, na waliolala vyumba vya ndani hawajui hata kama kuna mtu alikuja.

Sasa fikiria: unapojiwekea kitufe kwa global-set-key, njia ambayo wengi wetu tulijifunza nayo, amri yako inaingia kwenye ramani ya jumla. Yaani mwenye nyumba ndiye aliyelazwa chumba cha mwisho. Modi ndogo yoyote uliyoipakua jana inaweza kumpokea mgeni wako mlangoni, na hakuna atakayekwambia. Kitabu cha maelekezo cha Emacs kinawataka waandishi wa modi wamwachie mtumiaji C-c (Ctrl pamoja na c) ikifuatwa na herufi, pamoja na F5 hadi F9. Hiyo ni adabu tu, kufuli hakuna. VS Code imelipanga jambo hili kwa busara zaidi: kanuni zote ziko kwenye orodha moja, inasomwa kutoka chini kwenda juu, na za mtumiaji zimewekwa chini kabisa, kwa hiyo zikitimiza masharti yake ndizo zinazoshinda. Kwa kipengele hiki sina la kumjibu rafiki yangu.

Mwaka jana kijana mmoja wa Arua, anayesoma hapa mjini, alinijia Wandegeya na laptop yake. Alikuwa ameandika fanksheni ndogo ya Lisp, lugha ya kuipangia Emacs: unaandika kifupisho, unabonyeza Tab, kinatanuka kuwa kipande kizima cha msimbo. Kwenye dirisha la laptop ilikwenda vizuri. Akiingia kwenye seva kwa SSH, njia ya kuingia kompyuta ya mbali, na kufungua Emacs ndani ya terminali, yaani dirisha la maandishi matupu, kwa faili lilelile la mipangilio, Tab inasogeza mstari tu.

"Kaka, hii kitu imekufa," akaniambia.

Alikuwa ameshawasha debug-on-error, ambayo hufungua kitatuzi (chombo cha kuchunguza makosa) kosa linapotokea, na kitatuzi hakikufunguka. Kisingefunguka, maana hakukuwa na kosa lolote. Nikamwambia atumie debug-on-entry kwa jina la fanksheni yake, ambayo hufungua kitatuzi mara tu fanksheni inapoitwa, kisha abonyeze Tab. Kimya tena.

"Mdogo wangu, hiyo ndiyo habari yenyewe," nikamwambia. "Fanksheni yako haina ubovu. Haijaitwa."

Tukabonyeza C-h k, inayoeleza kitufe kinaita amri ipi, kisha Tab kwenye laptop. Emacs ikaandika <tab>, na jina la fanksheni yake. Kwenye seva ikaandika TAB, na indent-for-tab-command, amri ya kusogeza mstari. Herufi ndogo na kubwa, na mabano mawili ya pembe. Hapo ndipo ilipojificha siku yake nzima. Terminali hutuma namba 9, ileile inayotokana na Ctrl na i. Dirisha la picha hutuma tukio lenye jina lake, <tab>, na Emacs ikikuta halina amri popote ndipo inalitafsiri kuwa TAB. Kijana alikuwa ameiweka amri yake kwenye <tab>, mlango ambao terminali haipitii kabisa. Tukaihamishia kwenye TAB katika ramani ya modi ya Python, na kote kuwili ikaitika. Bei yake ni kwamba C-i nayo sasa inaita fanksheni hiyo katika modi hiyo, kwa kuwa kwa Emacs hizo mbili ni kitu kimoja, kama C-m ilivyo sawa na Enter na C-[ ilivyo sawa na Esc.

Dakika ishirini, basi. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba alijifunza kuuliza maswali mawili tofauti: je, amri yangu inaharibika, au haifikiwi? Mtu asiyetenganisha hayo mawili atafukua msimbo mzima usio na kosa. VS Code nayo ina logi yake ya kufuatilia vibonyezo, na ni nzuri. Lakini kwenye dirisha la msaada la Emacs jina la faili ni kiungo. Unabonyeza Enter na uko ndani ya msimbo wa amri yenyewe, unaubadilisha, unabonyeza C-M-x (Ctrl, Alt na x), na mabadiliko yanafanya kazi papo hapo bila kufunga chochote. Ukitanguliza C-u, Edebug, kitatuzi kingine cha Emacs, inakupitisha ndani ya fanksheni hiyo hatua kwa hatua, kishale kikikuonyesha ulipo. Kijana anaona kihariri chake kikifikiri. Sijui namna bora ya kumfundisha mtu kwamba programu si uchawi.

Uwazi huo nao una ukungu wake, na ningekuwa simtendei haki rafiki yangu nikinyamaza. Kosa lililozungushiwa condition-case, msimbo wa Lisp wa kukamata makosa, halifiki kwa debug-on-error; linamezwa kimya. Kuna aina za makosa ambazo kitatuzi kimeagizwa kuzipuuza. Na fanksheni iliyowekwa kwenye post-command-hook, orodha ya fanksheni zinazoitwa baada ya kila amri, ikikosea, Emacs inaiondoa kwenye orodha ili kihariri kisikwame kila unapobonyeza kitufe, inaacha mstari mmoja kwenye *Messages*, bafa ya ujumbe wake, na kuendelea. Ni uamuzi wa busara, ila anayeanza anaona tu kwamba kitu kilichofanya kazi asubuhi kimeacha mchana.

Kwa mwezi wa kwanza, basi, namkubalia. Baada ya hapo mizani inainama, na kinachoiinamisha ni hali yetu. Vijana wengi hapa wanafanya kazi kwenye seva iliyo mbali, kwa bando la simu, na umeme usiotabirika. Emacs ndani ya terminali inapitisha maandishi tu; muunganisho ukikatika unarudi ulipokuwa, mradi umeiacha ikiendelea kwenye seva. VS Code inafika huko kwa kusakinisha programu yake upande wa seva, na seva yenye kumbukumbu ndogo inalemewa. Anayeishi kwenye terminali atakutana na habari ya TAB na C-i apende asipende, hivyo heri akutane nayo akiwa na chombo kinachojibu akikiuliza.

Ninachokidai kwa watengenezaji wa Emacs ni sauti. Toleo la 29, la mwaka 2023, lilipiga hatua: keymap-set, ya kuweka kitufe kwenye ramani, inakataa papo hapo maelezo ya kitufe yaliyoandikwa vibaya, na bind-key*, inayoweka amri yako juu ya modi ndogo, sasa inakuja na Emacs yenyewe. Lakini modi ikikifunika kitufe nilichokiweka kwa mkono wangu, bado hainiambii. Habari inayo: C-h b, inayoorodhesha vitufe na amri zake, huandika kabisa kwamba amri fulani kwa sasa imefunikwa. Mstari huohuo ungeonekana chini ya skrini siku modi inapowashwa, nusu ya hoja ya rafiki yangu ingekwisha.

Wiki ijayo anapokea wanafunzi wapya. Nimemwomba anipe saa moja na wale watakaotaka kujaribu, na sitaanza na kufungua faili wala kuhifadhi. Nitaanza na C-h k, kisha C-h b, kisha C-h l, inayoonyesha vibonyezo 300 vya mwisho na amri iliyoitwa na kila kimoja.