Baba mkubwa hakufunika kitu

Usiku aliofariki baba mkubwa nilikuwa kwenye mkeka kando ya kitanda chake, nyumbani Ujiji. Neno la mwisho nililolisikia kinywani mwake lilikuwa "maji". Nikamnywesha kwa kijiko, akameza kidogo, mengine yakamtiririka shavuni. Muadhini alipoanza kuadhini alfajiri, alikuwa ameshakwenda.

Kumekucha, mama mkubwa akanivuta uani, kwenye banda la kuni, akanishika mikono yote miwili. "Mwanangu, wewe ndiye uliyekuwa naye. Wakikuuliza, sema ulimsikia akitoa shahada. Sema tu, mwanangu."

Alikuwa na sababu. Miaka zaidi ya 30 mumewe hakusimama kwenye safu msikitini. Mlevi hakuwa, mgomvi hakuwa, na Ramadhani hakuna aliyemwona akila mbele za watu. Hakuwahi kuicheka dini ya mtu. Ila ukimuuliza, jibu lake lilikuwa lile lile na alilisema taratibu: "Sijui. Sijaona. Siwezi kusema nimeona." Sasa barazani watu walikuwa wameanza kunong'ona: huyu anasaliwa, au hasaliwi?

Mimi ni Mwislamu na ninaswali. Nimekaa na swali hilo miezi kadhaa, na leo nataka kuliandika lote. Je, Mwenyezi Mungu, ambaye tunamwita Mwadilifu, atamtia motoni mtu aliyetafuta kwa moyo safi na hakuona? Mimi ninaamini hapana. Nitaeleza kwa nini, na lazima nianze na kazi yake, kwa kuwa kwangu imani yake na kazi yake ni jambo moja.

Alikuwa fundi wa mitumbwi pale Kibirizi. Kazi yake hasa ilikuwa kalafati, kuziba nafasi kati ya mbao. Anachukua pamba, anaiviringa kati ya viganja mpaka inakuwa kama utambi, anailoweka kwenye mawese, kisha anaishindilia kwenye ufa kwa patasi butu na nyundo ya mti, tik, tik, tik, bila haraka. Akimaliza upande mmoja anamimina maji ndani ya mtumbwi ukiwa umeinuliwa juu ya magogo, halafu anaingia chini na kuupapasa ubavu kwa mgongo wa mkono. Nilimuuliza mbona hatumii kiganja. Akanionyesha kiganja chake, kimekuwa kama soli. "Hiki kimekufa kwa kazi, hakisikii unyevu. Mgongo wa mkono hausemi uongo."

Nilishuhudia mwenye mtumbwi mmoja akimbembeleza. Mzigo wa kwenda Kalya ulikuwa umeshafika ufukweni, abiria wamekaa kwenye mabegi yao, jua linapanda. "Fundi, sema kizima, tuondoke." Akajibu, "Ubavu huu sijaukagua." Yule bwana akapandisha sauti, akaongeza pesa, akamtajia undugu. Baba mkubwa akaendelea kupapasa. Hakusema kizima mpaka alipojua kizima, na alipojua ilikuwa saa tisa alasiri.

Mwaka 1877 Mwingereza mmoja, William Clifford, mtaalamu wa hisabati, alitoa mfano unaofanana sana na hapo Kibirizi. Mwenye meli kuukuu anaitilia shaka meli yake, kisha anajishawishi kwamba imesafiri mara nyingi salama na Mungu ataitunza, anairuhusu iondoke, inazama na watu. Clifford anasema mtu yule ana hatia ingawa aliamini kweli kweli, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini alichoamini bila kukagua. Tena hata kama meli ingefika salama, hatia ingekuwa ile ile. Niliposoma hayo nilimwona baba mkubwa chini ya mtumbwi. Kinywa kilichokataa kusema "kizima" mbele ya pesa na undugu ndicho kilichokataa kusema "nimeona" mbele ya mtaa mzima. Watu waliisifu ile ya kwanza na kupanda mitumbwi yake bila wasiwasi. Ya pili wakasema itampeleka motoni.

Watu hudhani kuamini ni kama kuchagua shati. Jaribu. Kaa pale Bangwe, tazama maji, halafu jilazimishe kuamini kwamba ziwa limekauka. Huwezi, hata ukitishwa kwa panga. Utaweza kulisema tu.

Kila anayeishi Kigoma anajua habari ya milima ya Kongo. Mvua ikishanyesha na hewa ikasafika, unaiona ng'ambo ya ziwa imesimama, mpaka mikunjo yake. Kiangazi kikikolea, moshi na ukungu vinatanda, unaona maji na weupe basi. Mgeni aliyeshuka kwenye treni mwezi wa Agosti, akakaa wiki mbili, akaondoka akisema "sikuona milima yoyote", hajadanganya, wala hajaikosea milima adabu. Utaniambia angewauliza wenyeji. Ni kweli. Baba mkubwa aliwauliza wenyeji maisha yake yote. Aliwauliza mashehe, aliwauliza Wakatoliki, aliwauliza Wasabato, na kila mmoja alimchorea mlima tofauti na kumwapia kwamba wa mwenzake ni wa uongo.

Mwanafalsafa wa Kanada, J. L. Schellenberg, tangu mwaka 1993 amekuwa akitoa hoja nzito juu ya jambo hili. Kama kuna Mungu mwenye upendo kamili, anasema, asingekuwapo mtu asiyeamini ilhali hapingi wala hakaidi. Watu hao wapo, kwa hiyo Mungu huyo hayupo. Hitimisho lake silikubali. Lakini wengi wetu tunamjibu kwa njia ya mkato: tunasema watu hao hawapo, kila asiyeamini ana kiburi au anakimbia amri. Kwangu njia hiyo imefungwa, maana mmoja wao nimemwosha kwa mikono yangu. Ikiwa ili nimtetee Mungu ni lazima nimsingizie marehemu, basi nimekuwa kama wale marafiki wa Ayubu. Walimtetea Mungu kwa nguvu zote, wakambebesha mwenzao dhambi asizotenda, na mwisho wa kitabu ni wao waliokasirikiwa. Ayubu aliyelia na kuhoji ndiye aliyeambiwa amenena yaliyo sawa.

Turudi kwetu. Neno lenyewe, kafiri, tunalirusha kama jiwe bila kulitazama. Asili yake katika Kiarabu ni kufunika. Mkulima anayefukia mbegu udongoni huitwa kwa neno hilo hilo, na Kurani imelitumia hivyo katika Surat Al-Hadid, aya ya 20, inapotaja mimea inayowafurahisha wakulima. Kafiri basi ni mtu aliye na kitu mkononi, anakijua, anakifukia. Surat An-Naml, aya ya 14, inawataja waliozikanusha ishara huku nafsi zao zikiwa na yakini nazo, kwa dhulma na kujivuna. Yakini! Walijua. Sasa baba mkubwa alifukia nini? Mkononi hakuwa na mbegu. Alifungua kiganja akakuonyesha kwamba ni kitupu.

Binamu yangu mmoja, mwalimu, alikuja na hoja ya Blaise Pascal, yule Mfaransa aliyefariki mwaka 1662. Amini tu, ukikosea hujapoteza kitu, ukipatia umepata pepo. Ilikuwa usiku wa mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa imelala ufukweni kwa sababu mwezi ukijaa dagaa hawaji kwenye taa, na wazee walikuwa wamekaa nje. Baba mkubwa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Nimdanganye nani? Kama hayupo, najidanganya mwenyewe. Kama yupo, namdanganya Yeye." Binamu hakupata la kujibu, na mimi mpaka leo sijalipata. Surat An-Nisaa, aya ya 145, inasema wanafiki watakuwa katika tabaka ya chini kabisa ya moto. Kwa hiyo tulipokuwa tukimsihi aje msikitini "hata kwa sura tu", tulikuwa tukimwalika kwenye shimo lililo chini zaidi ya lile tulilomhofia. Nami nilimsihi hivyo, zaidi ya mara moja. Inaniuma.

Msidhani ninazua dini mpya. Wanazuoni walilitafuna suala hili zamani. Al-Jahidh wa Basra, aliyefariki karne ya 9, alisema anayetafuta ukweli kwa juhudi zake zote na akashindwa kuufikia ana udhuru. Wengi walimpinga, akiwemo Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, na ni haki niseme hivyo. Lakini Ghazali huyo huyo aliwagawa watu wasioamini mafungu matatu. Wapo ambao ujumbe haukuwafikia kabisa, hao wana udhuru. Wapo waliofikiwa na ujumbe sawasawa wakaukataa. Na wapo waliousikia umepotoshwa tangu utotoni, kiasi kwamba walichosikia hakiwezi kumsukuma mtu kutafuta. Hao nao akawaweka pamoja na wa kwanza.

Fungu la kwanza Ujiji hakuna anayeligombania. Burton na Speke, wapelelezi Waingereza, walipofika hapa Februari 1858 waliwakuta wafanyabiashara Waarabu, na Mapadri Weupe, wamisionari Wakatoliki, walifika mwaka 1879. Kabla ya hapo, bibi zetu wa Buha, nchi ya Waha, walizaa, walilima, walimtaja Imana, jina la Mungu kwa Kiha, wakafa. Sijapata kumsikia shehe wala padri akisema bibi zetu wanaungua. Aya ya 15 ya Surat Al-Israa inatosha: Mungu haadhibu mpaka apeleke Mtume. Sawa. Kwa nini basi umbali wa maili uwe udhuru, na umbali wa moyo usiwe? Ujumbe umefika masikioni, ndiyo. Baba mkubwa alihifadhi juzuu kadhaa chuoni akiwa mtoto, na mgongoni alikuwa na alama za bakora za mwalimu wake. Yeye alikataa kabisa kuzitaja kama sababu. "Zile zilipona," alikuwa akisema. Lakini mimi nikisoma fungu la tatu la Ghazali, naziona.

Jirani yetu wa Gungu, katekista, alinikumbusha kwamba na kwao lipo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, katika hati yake ya mwaka 1964 kuhusu Kanisa, namba 16, unasema hata wale ambao bila kosa lao hawajafikia kumjua Mungu waziwazi, lakini wanajitahidi kuishi vyema, Mungu hawanyimi msaada unaohitajika kwa wokovu. Nilimwomba anisomee mara mbili.

Shehe mmoja ninayemheshimu sana alinipinga, na hoja yake si ndogo. Ishara ziko kila mahali, alisema, na kila mtoto huzaliwa na fitra, yaani umbile la kumtambua Mungu. Akanisomea Fussilat, aya ya 53: tutawaonyesha ishara zetu katika upeo wa mbali na katika nafsi zao, mpaka iwabainikie kwamba haya ni kweli. Nikamwambia, shehe wangu, mimi nalishika hilo "mpaka iwabainikie". Mwenye kuahidi ni Mungu, na sijui ahadi yake anaitimiza saa ngapi. Katika hadithi aliyoipokea Imamu Ahmad kuna watu wanne watakaojitetea Siku ya Kiyama: kiziwi, asiye na akili timamu, mkongwe aliyepotewa na fahamu, na aliyekufa katika kipindi kisicho na mtume. Wanasikilizwa. Hata pale, siku ya mwisho, bado kuna mtu anasema "Mola wangu, mimi sikusikia", na hakatizwi.

Shehe hakukubaliana nami. Alinishika bega tukaagana vizuri.

Sisemi kila asiyeamini ni msafi. Wapo wanaofunika kwa sababu ukweli ungewagharimu mke wa pili au biashara ya magendo, na wapo ambao hawajawahi kutafuta hata dakika moja, wamepata neno la kuonekana werevu wakalivaa. Kutojua kwa haki kuna gharama, kunataka mtu aingie chini ya mtumbwi na kupapasa. Lakini wa kupima nani alipapasa na nani alilala si mimi, wala si baraza la wanywa kahawa.

Siku ile ya maziko imamu alituita ndugu wa karibu ndani, akauliza kwa upole, "Nani alikuwa naye mwisho?" Mama mkubwa alikuwa nyuma ya pazia. Nikajua ananisikiliza. Nikasema, "Mimi. Aliomba maji. Shahada sikuisikia."

Kilio chake nilikisikia kupitia pazia. Imamu alinyamaza muda mrefu, akizungusha tasbihi. Kisha akasema Mtume alimuuliza Usama, sahaba aliyemuua mtu aliyekwishatamka shahada akidhani ameitamka kwa hofu tu: je, ulimpasua moyo? "Na mimi kazi ya kupasua vifua sikupewa. Huyu ni mtoto wa Waislamu, alikwenda chuo na watoto wa Waislamu. Mleteni." Tukamsalia. Watu watano au sita walibaki nje wakati wa sala, kisha wakatufuata makaburini kubeba udongo.

Mama mkubwa alikaa wiki nzima hanisemeshi. Siku ya nane alinipa kikombe cha chai, akakaa kando yangu, akaniuliza kama maji yale aliyakunywa vizuri. Nikamwambia kidogo, mengine yalimwagika.

Ijumaa nikipita makaburini ninamwombea. Siombi asamehewe kwa kufunika, maana sijui alichofunika. Nasema: Ya Rabi, huyu hakukudanganya.