Tatizo si ubunifu, ni nani analipwa
Kuna mwandishi anayedai eti wasanii wa leo wameishiwa ubunifu, ndiyo maana wanachota vibao vya wazee, yaani kuchukua vipande vyake na kuvitia kwenye nyimbo zao. Hapo sikubaliani naye. Kuchota hakukuanza jana: Manu Dibango wa Kamerun alitoa wimbo wa Soul Makossa mwaka 1972, Michael Jackson akakitumia kiitikio chake mwaka 1982, Rihanna naye akakirudia mwaka 2007, mpaka mzee akafungua kesi Paris mwaka 2009. Nani alimwita Jackson mvivu? Mimi naona shida iko kwenye hela. Wimbo mmoja una haki mbili, ya mtunzi na ya mwenye rekodi, na mara nyingi ni watu tofauti. Hapa Kampala nimekaa studio nikamwona prodyuza anayeogopa kukata kipande cha rekodi ya zamani ya kadongo kamu (muziki wetu wa gitaa wa Uganda) akimwita mpiga gitaa aipige upya, noti kwa noti, kisha anatamba kwamba hajachukua cha mtu. (Gitaa lenyewe lilitoka tamu kuliko la asili, nisimnyime haki yake.) Lakini amekwepa haki ya rekodi tu. Ya mtunzi bado ipo palepale, maana sheria yetu ya hakimiliki ya 2006 inamlinda maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Ninyi wenye baba au babu mwanamuziki, kuna aliyewahi kupigiwa simu aombwe ruhusa kabla wimbo haujafika redioni?