Sadaka ya kujichagulia

Kiwanda cha mikate ninachofanyia kazi huku Uingereza hakina watu arobaini. Kila Desemba mwenye kiwanda hutenga pauni 150 kwa kila mfanyakazi. Si bonasi. Ni za sadaka, na anayeamua ziende wapi ni mfanyakazi mwenyewe. Unajaza fomu: jina la shirika, namba yake ya usajili, basi. Hakuna wa kukuuliza kwa nini.

Mwaka wa kwanza nilidhani tunategwa. Nimetokea ofisi moja ya Mwanza ambako mchango huombwi, unatangaziwa. Mbio za Mwenge wa Uhuru zikikaribia inapita karatasi ya michango yenye majina yetu, na kiasi kimeshaandikwa mbele ya kila jina. Kazi yako ni kutia saini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimruhusu mwajiri kukata mchango wa namna hiyo bila mfanyakazi kukubali kwa maandishi. Sawa, saini zilikuwepo zote. Nani angejitia kimbelembele akatae, na bosi kasimama pale pale?

Kampuni yenyewe ikitoa msaada, sisi tulijua siku ya picha. Hundi ya mfano kubwa kama mlango, madawati yamepangwa uwanjani, meneja na diwani wamevaa fulana zenye nembo. Sina ugomvi na madawati. Ila tulikuwa na dereva aliyezunguka kanda nzima, akijua zahanati ipi kina mama wanajifungulia sakafuni, na sikumbuki siku aliyoulizwa. Sheria ya kodi ya mapato inairuhusu kampuni kuondoa misaada ya hisani kabla ya kukokotoa kodi, mwisho asilimia 2 ya mapato yake ya biashara. Kwa hiyo hela ya hisani ipo na unafuu upo. Kumuuliza dereva hakuna gharama yoyote.

Huku hata mfanyakazi ana unafuu wake. Tangu 1987 unaweza kutoa moja kwa moja kwenye mshahara, kabla kodi haijakatwa: ukitoa pauni 10 na kodi yako ni asilimia 20, mfukoni zimekutoka 8.

Msije mkadhani nipo peponi. Mwenzangu wa zamu ya usiku alifiwa na baba yake. Ikapita kadi kwenye bahasha, tukasaini, yakaisha. Mtu ambaye hiyo Desemba alitoa pauni 150 kwa watu asiowajua hakwenda kukaa naye hata saa moja. Na mimi nimo.

Halafu ile namba ya usajili ni ya mashirika ya huku. Shule ya msingi niliyosoma Ukerewe haina. Wala hawana wale niliowafikiria mara ya kwanza niliposhika kalamu: wavuvi wa Ukara. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka kikitoka Bugolora kwenda Ukara, zaidi ya watu 220 walikufa, na wengi wa walionusurika walivutwa na watu wa mitumbwi. Novemba 2022 ndege ilipoanguka ziwani Bukoba, wa kwanza kufika walikuwa wavuvi tena. Hakuna fomu inayowatambua hao. Basi nikaandika RNLI, shirika la boti za uokoaji la huku. Lipo tangu 1824, linaendeshwa zaidi kwa michango, na wengi wanaotoka na zile boti usiku ni watu wa kujitolea: fundi bomba, mwalimu, muuza samaki. Nimeliandika miaka mitatu mfululizo. Mwenye kiwanda anaamini nina mapenzi makubwa na bahari.

Kwa maoni yangu kampuni za nyumbani zianze hata na sehemu ndogo ya ile hela ya madawati. Wape wafanyakazi kumi, wakae, waseme wanakotoka kunahitajika nini. Wakitaka picha, wapige.

Nilimsimulia dada kwa simu. Akauliza, "Hao wa huko wana boti ngapi?" Nikamwambia zaidi ya mia nne. Akanyamaza kidogo, kisha akataka kujua kama ahadi yangu ya harusi ya mtoto wa shangazi nimeshaituma, maana mweka hazina anapiga simu kila siku.